Hewa ya Nyumba Namba Kumi na Tisa

Mashine ya kusoma vumbi ilikuwa na jina refu la kiwandani ambalo hakuna aliyelikumbuka. Kwenye kambi zote za kuondoa asbesto, kuanzia Tanga hadi Same, watu waliiita Shangazi, kwa sababu haikujua kunyamaza. Ukiiweka chumbani saa nne za asubuhi, saa tano itakueleza nani alipika nini, nani anavuta sigara chooni huku akiapa kwamba ameacha, na paka wa nani hulala kitandani wenye nyumba wakienda kazini. Siri hizo hazikuwa kazi yake, na wapimaji walikula kiapo cha kuzifuta. Kazi yake ilikuwa uzi mmoja tu, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, ule unaochomoka kwenye bati la asbesto likikwaruzwa.

Asubuhi hiyo Sekela aliibeba Shangazi mgongoni kwa mkanda, akaingia nayo nyumba namba kumi na tisa, ya mwisho kwenye safu ya nyumba kuukuu za reli pale Same. Paa lilikuwa limeshaondolewa. Juu palitandwa nailoni nzito, kuta zimefutwa kwa maji mara tatu, na feni nne zilikuwa zinanguruma pembeni. Mkataba ulitaka hewa ipimwe kabla ya kugusa bati la kwanza, ipimwe kila siku ya kazi ndani na nje ya nailoni, halafu ipimwe mwishoni feni zikiwa zimewashwa, ili vumbi lisije likalala sakafuni likajifanya halipo. Ulitaka pia mpimaji asiwe mtu wa mkandarasi. Hicho ndicho kifungu ambacho Shechambo, msimamizi wa mkandarasi, alikichukia kuliko vyote.

"Dada Sekela, piga dua," alisema Shechambo akiwa mlangoni, barakoa imemkaa usoni upande. "Hii ikipita, kesho naezeka, keshokutwa nipo kwetu Lushoto nakula ndizi."

"Vaa barakoa vizuri kwanza. Na dua yako haipiti kwenye kichujio."

"Wanyakyusa bwana! Hamna hata huruma."

Walikaa nje wakasubiri. Shangazi ilivuta hewa, lita baada ya lita, ikikohoa kidogo kila ilipobadilisha kichujio. Kwenye kivuli cha tangi la maji, mita ishirini kutoka kwenye utepe mwekundu, alikaa Mzee Kajiru, mwenye nyumba, kwenye kiti chake cha kamba. Alikuwa dereva wa treni mpaka alipostaafu. Wiki tatu zote za kazi hakukosa kuja kutazama, akiwa na chupa ya chai na vikombe viwili, kimoja chake, kimoja cha Sekela.

Saa sita kasoro taa ya Shangazi ikawaka kijani. Uzi: sifuri. Kwa lugha ya kambini, hewa ilikuwa imenyamaza. Vibarua walipiga kelele za furaha, Shechambo akavua barakoa na kucheza mdundiko usio na ngoma, na Mzee Kajiru akanyanyua kikombe juu kuwapongeza. Sekela naye alicheka. Aliipenda saa hiyo kuliko saa zote za kazi yake, pale watu wanapovua barakoa na kuonana sura.

Lakini kazi ya Shangazi ilikuwa haijaisha. Ilibaki ripoti ya pili, ripoti ya chanzo.

* * *

Zamani, hewa ikinyamaza, mkandarasi alitupa karatasi chini ya mlango wa mkazi, mkazi akaweka saini bila kusoma, na mambo yakaishia hapo. Miaka ikapita, watu wakaanza kukohoa, na hakuna aliyejua walivutia wapi. Ndipo kikaja kifungu cha thelathini na moja cha mkataba. Ripoti ya chanzo isomwe yote, kwa mdomo wa mtu na si wa mashine, mchana, uani kwa mkazi, msomaji akiwa hana barakoa ili mkazi amwone mdomo. Mkazi akishasikia, ndiye anayetaja majina ya wengine waliovuta; lake mwenyewe huingia bila kutajwa. Majina hayo yanaingia kwenye orodha, na aliye kwenye orodha anapewa mwosho, yaani ukungu wa dawa unaovutwa siku arobaini, wenye vijidudu vya kutengenezwa ambavyo hula uzi na kuiacha nyama ya pafu salama. Asiye kwenye orodha hapewi. Na mwosho una ukomo: miaka ishirini na mitano tangu mtu avute uzi wa mwisho. Ikizidi hapo, uzi umeshajijengea kwake na hautoki.

Sekela aliisoma ripoti peke yake kwanza, kwenye kibanda cha turubai. Shangazi iliweza kuutambua uzi kwa jinsi ulivyovunjika, kwamba huu ulichomolewa na upepo, huu na msumari, na lini. Mwanzo wa ripoti ulikuwa wa kawaida. Upepo na jua, nyuzi nne katika kila kumi. Misumari, moja katika kumi.

Zilizobaki, tano katika kumi, zilitokana na brashi ya waya. Mkono wa mtu. Mara moja kila mwaka, mwezi wa tatu, miaka tisa mfululizo.

Sekela alirudia mstari ule mara mbili. Aliijua habari ya brashi. Mzee Kajiru alikuwa amemsimulia mwenyewe, kwa majivuno, wiki ya kwanza tu. Maji ya Same wakati ule yalikuwa ya chumvi, ukiyachemshia chai maziwa yanakatika. Mkewe, Namsifu, alikuwa mtu wa milimani, Gonja, aliyezoea maji matamu ya mto. Basi kila mwaka kabla ya masika Kajiru alipanda paani na brashi, akasugua kuvu na mavi ya ndege bati kwa bati, ili mvua ya kwanza iingie tangini ikiwa safi. "Mke wangu hakunywa chai ya chumvi ndani ya nyumba yangu hata siku moja," alisema mzee. "Waulize Same nzima." Akishuka, ovaroli yake inakuwa nyeupe kwa vumbi, na Namsifu anaipiga piga ukutani kwenye chumba cha kufulia kabla ya kuiloweka.

Namsifu alikufa miaka tisa iliyopita kwa saratani ya utando wa mapafu. Na Shangazi, isiyojua kunyamaza, iliendelea: nyuzi za brashi zimekutwa kwa wingi kwenye nyufa za chumba cha kufulia, pamoja na sabuni na nyuzi za nguo nzito ya kazini.

Chini kabisa palikuwa na mchoro wa ukuta wa nje, upande wa jikoni. Machi ya Same ina unyevu, lipu ya chokaa ikawa inanasa kila kilichoanguka kutoka juu. Kila mwaka tabaka moja. Lakini katika matabaka sita palikuwa na sehemu isiyonasa kitu, umbo lililokuwa limesimama palepale vumbi likianguka. Bega, kichwa, mikono iliyonyooshwa mbele. Mwaka wa kwanza lilikuwa na urefu wa sentimita mia moja na kumi na mbili. Wa pili, mia moja na kumi na nane. Halafu mia moja na ishirini na nne, halafu mia moja na thelathini. Mwaka wa sita, mia moja na arobaini na tatu.

Alikuwa mtoto anayekua, na alikuwa ameshika ngazi. Mwaka wa mwisho wa vumbi hilo ulikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita.

Sekela alilijua hata jina lake. Kila siku saa saba simu ya mzee iliita, na kila siku sauti ya mwanamke ilimgombeza: Baba umekunywa dawa? Baba umekula au umeshindia chai? Nanzighe, mtoto wa pekee, fundi wa mitambo ya umeme wa jua kule Dodoma.

Shechambo aliingia bila kubisha, akasoma juu ya bega lake. Hakuruhusiwa, lakini alisoma. Alipofika kwenye brashi akavua kofia.

"Mungu wangu. Huyu mzee?"

"Huyu huyu."

"Usimsomee hiyo, dada. Mwambie upepo. Upepo haukuzaa, ukilaumiwa hauna wa kuulilia." Akakaa juu ya debe. "Utamwua. Nakwambia kweli. Yule mzee anaongea na picha ya mkewe, mimi nimemsikia kwa masikio yangu."

"Nisiposoma, mtoto haingii kwenye orodha."

"Mpigie mtoto simu wewe mwenyewe."

"Hospitali haitampokea bila ripoti iliyosikilizwa. Na hata akipokelewa, si atamwuliza baba yake? Mzee atalipata jambo hili kwa kuulizwa kwenye simu, peke yake, jioni."

Sekela hakuwa mtakatifu wa vifungu. Katika mji mmoja wa pwani aliwahi kumsomea bibi mmoja nusu ya ripoti, kwa sababu nusu nyingine ilihusu banda la kuku ambalo bibi alilikata kwa msumeno, na wajukuu wote wawili walishazikwa. Alisoma upepo, upepo, upepo, akakunja karatasi. Hajawahi kujuta, na angeulizwa leo angerudia. Lakini bibi yule hakubakiwa na mtu wa kuokolewa.

"Wewe unampenda huyu mzee," alisema Shechambo taratibu.

"Nampenda. Ndiyo maana nataka kulia."

* * *

Alimkuta mzee uani, ameshamtengea kiti. Kwa desturi ya kazi yao msomaji hakai juu ya msomewa, kwa hiyo Sekela alisogeza kiti pembeni na kukaa kwenye jiwe la kufulia, usawa wa magoti ya mzee. Mzee akamimina chai.

"Hewa imenyamaza, mwanangu."

"Imenyamaza, baba. Nyumba yako ni safi. Sasa nina ripoti ya kukusomea, na ina mahali pagumu. Nikifika hapo nitakwambia. Ukitaka nisimame nitasimama, lakini lazima nimalize."

Mzee alimtazama. Miaka thelathini ya kuendesha treni ilikuwa imemfundisha kutazama mbele bila kupepesa. "Nani shahidi? Sisi Wapare hatusikilizi kesi bila shahidi."

"Mimi hapa," alisema Shechambo, aliyekuwa amesimama nyuma ameshika kofia. Siku nyingine angechomekea utani kuhusu Mpare na mahakama, na mzee angemrudishia mara mbili.

Sekela alisoma. Upepo, jua, misumari. Kisha akasema, "Baba, tumefika," akaendelea kwa sauti ileile, kwa sababu aliona kwamba akiilegeza atashindwa. Brashi ya waya. Mwezi wa tatu. Miaka tisa. Chumba cha kufulia, sabuni, nguo ya kazini.

Mzee aliweka kikombe chini. Alikiweka vizuri, kwenye kisosi chake.

"Nilikuwa nasafisha," alisema.

"Najua, baba."

"Kuvu. Mavi ya ndege. Yanaingia kwenye maji." Akageuka kwa Shechambo, kama vile mwanamume mwenzake ataelewa upesi zaidi. "Ningemnywesha mavi ya ndege?"

"Hapana, mzee wangu."

"Nilikuwa nasafisha!"

Mzee aliitazama mikono yake, akiigeuza nyuma na mbele. Machozi hayakumtoka. Yaliyotoka ni ya Sekela, naye hakuyafuta kwa kuwa alikuwa ameshika ripoti kwa mikono miwili.

"Alikuwa anaipiga piga ovaroli," mzee akasema. "Mimi nimekaa hapa, nakunywa maji yale. Namsikia kule ndani, pu, pu, pu. Namwambia, mama Nanzighe, iache, njoo upumzike. Ananijibu, vumbi litaziba beseni." Akageuza uso kuelekea chumba cha kufulia. "Ni mimi, basi."

Sekela angeweza kumwambia si wewe, ni waliotengeneza mabati yale na walioyaezeka bila kuwaonya watu, na ingekuwa kweli tupu. Alimwambia hivyo baadaye, mara nyingi. Saa ile aliona kwamba mzee hakuwa na nafasi ya kuyapokea.

"Baba, haijaisha. Imebaki sehemu moja, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisome. Kuna mtu alikuwa amesimama chini ukutani, upande wa jikoni. Miaka sita. Mashine imemwona alivyokuwa akikua, lakini haimjui. Mimi siruhusiwi kumtaja. Ni wewe."

Alimgeuzia mchoro. Mzee alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama. Kidole chake kikafuata mstari wa bega, kikapanda kichwani, kikashuka kwenye ile mikono iliyonyooshwa. Ndipo sauti ikamtoka, ndogo, ambayo Sekela hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Nilimwambia ashike sana, nisianguke."

"Ndiyo."

"Alikuwa haachii. Vumbi linamwingia machoni, haachii." Alishusha pumzi. "Amekufa huyu? Mtoto wangu, naye amekufa?"

"Hapana, baba, hapana!" Sekela aliteleza kutoka kwenye jiwe akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili, ripoti ikaanguka chini. "Nisikilize. Uzi wake wa mwisho una miaka ishirini na miwili. Dawa inakubali mpaka ishirini na mitano. Ukilitaja jina lake leo, mwezi huu huu anaanza mwosho, na baada ya siku arobaini mapafu yake ni mazima kama ya mtu ambaye hakuwahi kuiona ngazi. Nimewaona waliopona, baba. Kwa macho yangu."

"Nikilitaja."

"Ukilitaja."

"Na nikilitaja ataambiwa kwa nini."

"Ripoti ni ya kwake pia. Atasomewa."

Mzee Kajiru alitazama nyumba isiyo na paa, nailoni ikipumua juu yake. Sekela alimwona anavyopigana. Ilikuwa aibu ya baba, ambayo inaweza kumfunga mtu mdomo mpaka kaburini, na alijua wazee waliokubali ifunge. Akakaza mikono yake juu ya ile ya mzee na kusubiri.

"Nanzighe," alisema mzee. Kisha akasimama, kwa sababu aliona jambo hili si la kusemwa ameketi. "Andika. Nanzighe binti Kajiru, mama yake Namsifu. Alizaliwa hapa hapa, chumba cha mbele. Aliyemweka chini ya ngazi ni mimi."

"Hilo la mwisho halihitajiki, baba."

"Andika."

Sekela aliokota ripoti, akaandika yote. Shangazi, iliyokuwa imetuliwa kando ya jiwe, ikalia mara moja kuashiria kwamba jina limepokelewa. Shechambo, ambaye wiki tatu zote alikuwa akihesabu saa za kurudi Lushoto, alisema kwamba wakimhitaji atakuwepo hapo hapo hata mwezi mzima, akaenda kusimama nyuma ya tangi.

"Atasomewa na nani?" aliuliza mzee.

"Mpimaji wa Dodoma atakwenda kwake kesho. Ni mwanamke mpole, namfahamu."

"Hapana. Asisomewe na mgeni." Tayari alikuwa anapapasa simu kwenye mfuko wa shati. Alikosea namba mara mbili, ikabidi Sekela amtafutie. Akataka kuondoka amwachie nafasi, mzee akamzuia kwa kumshika mkono wa gauni, kwa hiyo akabaki.

Simu iliita mara moja tu.

"Baba! Saa saba haijafika, leo umeniwahi. Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Nanzighe, mwanangu. Unakumbuka ulivyokuwa unanishikia ngazi?"

Nanzighe akacheka kule upande wa pili, kicheko cha kukumbuka jambo zuri. "Nisikumbuke? Mikono ilikuwa inakufa ganzi. Halafu ukishuka unanipa maji mimi wa kwanza, mama anasema unanidekeza."

Mzee alifumba macho. Akamwambia. Alimwambia vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akichanganya brashi na kuvu na chumvi na ule mchoro, lakini hakuficha hata kimoja. Alimwambia habari ya dawa na siku arobaini. Alimwambia aliyemweka pale ni yeye. Alipofika kwa mama yake sauti ikamkatika, akajaribu tena. "Na ovaroli, Nanzighe. Mama yako alikuwa akifua ile..."

"Baba."

"Ngoja nimalize. Mama yako..."

"Baba, umesimama au umekaa?"

"Nimesimama."

"Uko na nani?"

"Na huyu binti wa kupima hewa. Amenishika."

Sekela aliisikia pumzi ya Nanzighe ikiingia na kutoka, nzito, pumzi ya mtu anayejizuia asilie ili mwenzake asidondoke. Iliporudi, sauti ilikuwa ileile ya kugombeza ya kila siku, isipokuwa ilitetemeka pembeni.

"Mimi nimesikia. Kesho nakwenda hospitali kuchukua barua, keshokutwa nipo kwenye treni, nitavutia hiyo dawa huko huko Same, nikuone. Hilo la mama usilimalize sasa. Tutalimaliza mimi na wewe nikifika, maana alikuwa wetu wote. Umenisikia, Baba? Usilibebe peke yako siku mbili hizi."

"Nimesikia."

"Basi kaa chini."

"Nanzighe..."

"Kaa kwanza, Baba. Mimi sikati simu."

Mzee Kajiru alirudi nyuma hatua moja, akakipapasa kiti cha kamba, akakaa.

"Nimekaa," alisema, na hapo ndipo alipolia, simu ikiwa sikioni, na mwanawe kule Dodoma akimsikiliza mpaka mwisho.